Mteja Hana Historia

Kashojwa, Nakivale
4 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Mariette,

Pokea salamu zetu kutoka huku kambini Kashojwa. Tuko wazima, isipokuwa Mama ambaye presha yake inapanda na kushuka, na Appolinaire mume wangu ambaye hana ugonjwa wowote ila uvivu. Kaka yetu Déo alitoka Masha Jumamosi, kwa yule tajiri anayemchungia ng'ombe, akatuletea maziwa na kukuulizia. Mama anauliza kama unakula. Nimemwambia watu wa Mbarara hawali, wanasuka nywele tu.

Usishangae kupata karatasi. Huku wanasema kampuni ya mikopo inasoma mesaje zote za simu, na mimi nina maneno ambayo sitaki iyasome. Nimempa Nicodème, anayepeleka muhogo huko kila Jumanne. Nawe unijibu kwa mkono wake.

Sasa sikiliza. Unajua kazi yangu. Samaki wa ziwa wanafika asubuhi, na wasiponunuliwa mpaka jua likaze, nawaachia wenye hoteli kwa bei ya kunitukana. Nikasema, nitafute mkopo wa frigo, samaki walale kwenye baridi. Nikaenda Base Camp kwenye kile kibanda cha kampuni, nikamkuta kijana mmoja Munyankore, mwenyeji wa huku, mpole, kola safi. Akachukua kadi yangu ya ukimbizi, akaandika namba yake kwenye kompyuta. Halafu akasema, "Mama, mimi hapana kataa. Ni kompyuta ndiyo imekataa. Inasema mteja hana historia."

Mariette, mimi! Mimi niliyetoka Uvira na sufuria kichwani na mimba tumboni, ninayeuza samaki hapa miaka yote hii bila kumdhulumu mtu hata magamba, sina historia? Historia ninayo mpaka nyingine natamani kuitupa.

Kisha namsikia Nicodème akisema wewe ulipewa mkopo wa mashine ya kukaushia nywele, kwa simu, ukiwa umekaa. Eti alama ambazo kompyuta inakupa ni mia saba na kitu. Wewe! Wewe ambaye ukiazimwa kitenge unakirudisha kikiwa kitambaa cha kudekia! Nakuonea wivu. Nasema wazi ili usiusikie kwa mwingine. Usiku wa jana nilimwambia Appolinaire nafurahi kwa ajili yako, akageukia ukutani.

Niambie unafanya nini ambacho mimi sifanyi.

Ni mimi dada yako,
Sidonie


Mbarara
25 Februari 2024

Yaya Sidonie,

Nakusalimu kwa heshima wewe dada yangu mkubwa, shemeji, Mama na watoto. Mimi ni mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama. Mwambie Mama nakula. Jana nimekula matoke mara mbili, na kama hiyo si kula basi sijui. Nicodème anakuletea dawa zake za presha na mafuta ya nywele kwa ajili yako. Tafadhali yapake. Mara ya mwisho nilipokuona kichwa chako kilikuwa kinatia huruma.

Madam wangu anasema mwisho wa mwaka anahamia Kampala kwa watoto wake, na saluni ataiuza. Ameniambia, "Wewe Mariette, kazi unajua. Nunua wewe, hapana acha mtu mwingine akuje kukufukuza." Sijui kama alikuwa anatania. Tangu siku hiyo naviangalia vile viti vyake vya kuzunguka kwa jicho jingine.

Kuhusu hizo alama, Yaya, hata mimi sizielewi. Ni mambo ya kompyuta. Wasichana wa hapa wanasema simu isizime chaji, uwe na majina mengi ndani yake, na kila jina liwe limeandikwa vizuri, kwa sababu kompyuta inadharau mtu mwenye majina nusunusu. Wengine wanasema usipige simu usiku wa manane. Mimi sijui.

Ila usirudi kwa yule kijana kwa sasa. Na usimsumbue na habari za namba yako ya simu. Wewe endelea nayo kama kawaida, pokea, tuma, lipa mapema kama ulivyozoea. Usibadilishe kitu.

Wivu wako nimeupokea. Nimeuweka pamoja na ule wa mwaka niliponunua viatu vyekundu.

Mdogo wako akupendaye,
Mariette


Kashojwa
17 Machi 2024

Mariette,

Salamu. Dawa zimefika, Mama anakubariki kwa majina yote ya Bwana. Mafuta nimeyapaka na sasa nzi wa samaki wananifuata hadi kanisani. Mvua imeanza vizuri, maharage ya Appolinaire yametoka, na sifa amezichukua yeye ingawa nililima mimi.

Ushauri wako nimeufuata wote. Simu naichaji mpaka inawaka moto. Majina nimeyaandika mawilimawili: Bella wa meza ya jirani sasa anaitwa Bella Muuza Samaki, na mama mkwe nimempa jina ambalo sitaliandika hapa. Kisha nikaanza kupiga simu ili kompyuta ione nina watu. Nimempigia mchungaji mara tatu kwa wiki moja bila sababu. Siku ya nne akaja nyumbani na mkewe, wakakaa, akauliza kwa upole kama kuna dhambi inanisumbua. Ningemjibu nini? Nimesema ndiyo, tukaomba.

Nikarudi kwa kijana. Najua ulinikataza. Kompyuta haijabadilisha neno: mteja hana historia.

Na Bella amepata frigo! Bella, ambaye wote hapa sokoni tunajua mizani yake inavyoinamia upande wake! Limeshushwa kwenye lori mbele ya macho yangu, jeupe, refu kuliko Appolinaire. Nikaenda kumpongeza kama mtu mzima. Akaniambia, "Njo vile, Sidonie. Iko bantu kompyuta inabapenda." Eti kuna watu ambao kompyuta inawapenda! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Sasa samaki wangu wakianza kulegea mchana, anawanunua yeye, anawaweka kwenye baridi, na kesho yake anawauza kama wa leo.

Kitu kimoja tu kinanishangaza. Juzi tulikuwa wote hatuna salio la kupiga simu, tukajaribu lile salio la kukopa. Bella walimruhusu kidogo, hata kusalimia huwezi kumaliza. Mimi waliniruhusu salio kubwa mpaka nikadhani nimebonyeza vibaya. Sikulichukua. Lakini nimejiuliza, kwa nini laini ya simu inanipenda na kompyuta ya Base Camp inanichukia?

Nijibu hilo, wewe mtu wa alama.

Sidonie


Kashojwa
28 Aprili 2024

Mariette,

Sisi ni wazima. Mama ni mzima. Nimesalimu.

Wiki sita. Nicodème amekwenda na kurudi mpaka tairi zimekwisha, kila Jumanne jioni namsubiri kwenye njia, kila Jumanne ananionyesha mikono mitupu. Anasema ulimwambia una wateja wengi. Anasema pia umeonekana kwa mtu anayeuza vioo vikubwa vya saluni, ukivipima kwa mikono.

Kwa hiyo si utani. Unanunua. Alama zako zitakununulia saluni nzima, na viti vinavyozunguka, na mimi dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni mpaka nikapata kibyongo nitakuwa nakuja huko kusukwa kwa punguzo. Nikiwaza hivyo namsukumia Appolinaire sahani yangu. Siku nyingine nakuombea upate, halafu katikati ya sala naona nimebana meno.

Nimechoka kuwa mtu mzuri ambaye hakuna anayemhesabu. Nimefanya jambo. Sitakuambia ni jambo gani, halikuhusu. Simu nimeizima, ukinitaka utapitia ya Appolinaire.

Sidonie


Mbarara
12 Mei 2024

Yaya,

Salamu kwa wote.

Nakuomba, nakupigia magoti hapa kwenye karatasi, lipa lile salio ulilokopa. Lipa leo. Nimempa Nicodème pesa, ni hizo zilizofungwa kwenye kitambaa. Washa simu, uweke, likatwe, liishe.

Nitakueleza baadaye.

Mariette


Kashojwa
19 Mei 2024

Mariette,

Salamu zitafuata.

Nani alikuambia? Lile salio nililikopa peke yangu, nimekaa kwenye jiwe nyuma ya choo. Appolinaire hajui. Bella hajui. Nilisema, kama kulipa mapema miaka yote hakunipi hata alama moja, basi nikope lote waliloniruhusu, nilimalize kwa kumpigia Déo na kuongea upuuzi, na nisilipe, nione watanipunguzia nini mtu asiye na kitu. Nilijisikia vizuri kwa siku mbili.

Sasa wewe, uliye Mbarara, unanitumia pesa ya kulipa deni ambalo sijamwambia kiumbe. Pesa yako iko hapa kwenye kitambaa. Sitaiweka mpaka uniambie umejuaje.

Sidonie


Mbarara
9 Juni 2024

Yaya wangu Sidonie,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Mwambie Mama sijambo, na shemeji nimemnunulia radio ndogo, asikuambie kwamba alinituma.

Unakumbuka ulipofika Nakivale? Mimi na Mama tulikuwa tumetangulia. Wewe ulikuwa na ile karatasi ya muda tu, na wauza laini pale Base Camp walikuwa wanataka kadi. Nikatoa yangu, nikaweka kidole changu, ukapata simu. Nani hakufanya hivyo? Laini ya Déo mpaka leo ina jina la mwalimu wa kwaya. Ulipopata kadi yako tulisema tutabadilisha, lakini namba ilikuwa imeshapakwa rangi kwenye meza yako ya samaki, wateja wote wanaijua, tukasahau.

Kompyuta haikusahau, Yaya. Haimjui Sidonie. Inamjua Mariette mmoja mwenye namba mbili. Namba ya kwanza ni ya msusi anayechelewa kila kitu. Ya pili ni ya mtu anayepokea pesa kila asubuhi, anawalipa wavuvi kabla ya mchana, anatuma ya shule, hakopi, hakosi. Zile alama mia saba ni za huyo wa pili. Ni zako. Nilijua mwaka jana nilipochukua mashine. Mtu wa mkopo aliponipigia simu aliniambia, "Ile namba yako ya Nakivale iko mzuri sana. Wewe ni mtu wa kuamini." Nikasema asante.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu tangu nizaliwe mimi ni mdogo wa Sidonie. Sidonie mwenye akili, Sidonie mchapakazi, Mariette muangalie dada yako. Unadhani wivu ulianzia kwako? Siku hiyo mtu mgeni aliniita mwaminifu na nikataka iwe kweli hata kwa muda mfupi.

Sasa deni la mashine limeisha, nimeomba ule mkopo wa saluni na wamenikataa. Alama zimeanguka. Wamenionyesha: salio la kukopa halijalipwa, na ile namba nzuri imezimwa. Ndivyo nilivyojua. Yaya, ulidhani unaikomoa kompyuta, kumbe ulikuwa unanipiga mimi. Na sina haki ya kulia.

Nimeuliza kama alama zinaweza kurudi kwako. Laini inaweza kuhamishwa, tukienda sote wawili na kadi zetu. Historia haihami. Itabaki kwangu, na wewe utaanza na sifuri. Wamesema pia nikilipa na ile namba ikafanya kazi kama zamani, baada ya miezi michache alama zitapanda. Lakini mkopo ni mmoja kwa wakati mmoja. Ni saluni au ni frigo.

Sema wewe. Ukisema frigo, nitachukua frigo.

Mariette


Kashojwa
28 Julai 2024

Kwa Mariette,

Salamu kwako. Mama anaendelea vizuri, anatembea mpaka bombani. Mtoto wa Bella alizaliwa salama na nilimpelekea samaki wawili, wakubwa. Appolinaire hawezi kutenganishwa na radio yake.

Nimekaa kimya ili hasira ipungue, nisije nikaandika maneno ambayo Nicodème angeshindwa kuyabeba. Siku ya kwanza nilitaka kuja Mbarara nikukate nywele mwenyewe. Siku ya pili nilimsomea Appolinaire barua yako. Alicheka mpaka akashika mlango. "Sidonie! Kumbe weye ulikuwa unajionea wivu weye mwenyewe!" Sikucheka naye. Nilicheka baadaye, peke yangu, nikiwapara magamba samaki, na nikalia pia, sitaki kukuficha.

Salio nimelilipa, kwa pesa yangu. Yako nakurudishia kwenye kitambaa chako. Simu imewashwa tangu wakati ule. Nimekwenda pia Base Camp, nikanunua laini nyingine kwa kadi yangu na kidole changu. Wameniandikia mesaje: karibu, mteja mpya. Nimeisoma mara nyingi. Nimezaa watoto wanne, na leo ni mteja mpya.

Mama ndiye aliyenifungua akili. Nilimweleza yote, nikadhani hataelewa. Akasema, "Sasa munagombana nini? Hiyo si likelemba? Kule Uvira tulikuwa tunatia makuta fasi moja, leo anakula huyu, kesho anakula mwingine. Hakuna aliyefia humo." Ndivyo ilivyo, Mariette: ni upatu, kila mtu anatia pesa. Alama ni chungu kimoja, na mwenye kutia ni mimi zaidi, lakini jina la chungu ni lako. Basi tupeane zamu kama watu wa likelemba. Zamu ya kwanza ni yako. Saluni itauzwa mwisho wa mwaka na haitakusubiri. Mafrigo madukani hayataisha. Ukimaliza kulipa saluni, unachukua frigo langu, refu kuliko la Bella.

Usidhani nimekuwa malaika. Nikifikiria wewe umekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka nampara samaki mpaka ngozi inatoka na magamba. Kila asubuhi nikiwalipa wavuvi kwa ile laini najua nakupandisha wewe alama, na kidole changu kinasita kidogo kabla ya kubonyeza. Halafu nabonyeza.

Nina masharti mawili. La kwanza, hutachelewa kulipa hata siku moja, kwa sababu jasho lililo humo ni langu. La pili ni bango. Saluni utakayonunua itaandikwa Saluni ya Sidonie. Kompyuta haikuniandika popote. Niandike wewe, kwa rangi, juu ya mlango, mtu akipita asome.

Dada yako,
Sidonie


Mbarara
10 Novemba 2024

Yaya,

Pokea salamu kutoka kwenye kiti cha kuzunguka. Natania, sijakaa hata mara moja, wateja hawaniachi. Natumai Mama amepokea shuka, na kwamba presha imetulia. Déo alipita hapa akitokea Masha. Nimemnyoa bure na bado alilalamika.

Alama zilipanda Septemba. Karatasi za saluni tulitia sahihi wiki tatu zilizopita, na malipo ya kwanza nimeyatuma kabla hawajanikumbusha. Kioo cha mlangoni kimepasuka pembeni na paa linavuja juu ya beseni la kuoshea, lakini ni vyangu. Vyetu.

Bango limepakwa: Saluni ya Sidonie, herufi nyekundu. Nilimwambia mchoraji amchore mwanamke mwenye samaki mkononi, akakataa, akasema samaki ataharibu biashara. Madam alipokuja kuchukua vitu vyake alisimama barabarani akasoma. "Mariette, Sidonie ni nani sasa?" Nikamwambia, ni yule anayelipa.

Lakini kuna jambo ambalo hatukulifikiria, Yaya. Wateja wapya wanasoma bango, wanaingia, wananiita Sidonie. "Sidonie, nisuke." "Sidonie, uko na nafasi?" Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Kisha mwanamke mmoja wa Masha akamleta binti yake anayeolewa, akasema amesikia Sidonie wa hapa hachelewi na hadanganyi bei. Mimi, Yaya! Mimi wa kitenge cha kudekia! Ni kweli sichelewi siku hizi. Nikilala sana naliona bango ndotoni, naona jina lako, naamka.

Sasa nimeacha kuwasahihisha. Naitika. Na nikuambie, wanampenda sana huyo Sidonie. Wanamletea ndizi. Wanamngojea hata mvua ikinyesha. Mariette hakuwahi kungojewa na mtu.

Nimeanza kumuonea wivu.

Mdogo wako,
ambaye huku Mbarara ni Sidonie